Mkeka Wenye Ulimi

Ruaruke, Alhamisi, 3 Aprili

Safina shoga yangu, kama umesimama kaa kitako kwanza. Mwanao Amal anaolewa!

Najua utakapoyasoma haya utakuwa umeshaambiwa zamani kwa simu. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyesema simu unapewa Ijumaa tu, na maneno ya simu yakishaingia sikioni yamekwisha, ukaniomba nikuandikie siku baada ya siku mpaka harusi ipite, uje usome taratibu huko Maskati chumbani kwako. Haya, nimenunua daftari. Hilal, na safari zake za Maskati, atakuletea akiondoka baada ya harusi. Uvumilie mwandiko, na uvumilie domo langu, unalijua.

Jibu la posa limetolewa leo asubuhi. Mama yako, Bi Tabu, ndiye aliyezungumza na wazee wa upande wa mume. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo nisije nikapiga kigelegele kabla hawajamaliza Fatiha. Harusi tarehe 25 Mei, inshallah. Bwana harusi anaitwa Nassibu, anakatisha tiketi za boti ya Mafia pale Nyamisati. Mrefu, mpole, ana pengo la mbele linalomfanya acheke huku amejifunika mdomo. Nimempenda bure.

Sasa mkeka. Unajua kwenu mambo yalivyo: mkeka wa mwali anausuka mama aliyemzaa, na mwali hauoni mpaka siku anayotandikiwa. Wako aliusuka Bi Tabu, tukauchungulia, tukachapwa wote wawili. Leo nimemuuliza Bi Tabu itakuwaje, maana mama wa mwali yuko Uarabuni mwaka wa tisa huu. Kanijibu, "Suka wewe. Si mlikuwa mkila sahani moja?"

Nimekataa. Kusuka nitasuka, lakini mkono wako lazima uwemo. Njia nimeshaipata, na kwa furaha ya kuipata mchele umeniungulia.

Ijumaa, 4 Aprili

Umekubali! Umepiga ukelele kwenye simu mpaka nikamsikia bosi wako anauliza kuna nini.

Niuandike mpango usije ukapotea. Mkeka utakuwa na kili kumi na tatu, mikanda ya ukindu ya kuunganishwa. Kumi na mbili ni zangu, za kijani na njano, nilizianza tangu Shaabani, kabla hata ya posa, na zimebaki tatu kumaliza. Ule wa katikati ni wako. Nakuletea ukindu uliokwishachanwa na kutiwa rangi, pamoja na kamba ya kipimo. Wewe unasuka huko, Hilal anaurudisha, mimi nashona. Umechagua nyekundu na zambarau. Nilijua! Tangu tuko wasichana hujawahi kuchagua rangi ya kunyamaza.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda bondeni kukata makuti machanga ya mkindu, maji magotini, ruba mmoja kifundoni. Nimechana, nimechemsha, nimetia rangi. Mume wangu Sadala kaangalia mikono yangu mezani, akasema, "Leo ugali wa zambarau." Kala wote lakini.

Jumanne, 8 Aprili

Hilal ameuchukua mzigo. Kaunusa kwanza, akauliza, "Dada Mwantumu, huu si dawa?" Nimemwapia kwamba si dawa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Nasuka ukili wa kumi na moja.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nina hasira na mwanao, na kwa kuwa wewe ndiye mama yake, hasira utaibeba wewe.

Amal alikuja kuazima kinu. Nikamwambia kwa bashasha zote, "Mwali, mama yako yuko Maskati anakusukia mkeka wako." Nilitegemea atafurahi, angalau atabasamu. Katazama mvua, akasema, "Mamdogo, mnajisumbua. Kibiti kuna mikeka ya plastiki, ikichafuka unafuta na kitambaa."

Plastiki! Mbele yangu mimi! Nimempa kinu bila kusema neno, na unajua mimi kutosema neno ni ugonjwa. Mtoto amekuwa mkavu huyu. Vitu vyote unavyomtumia, magauni, simu, mafuta ya nywele, na bado anazungumza kama mtu aliyesusa. Bi Tabu amemlea kwa kumdekeza, basi.

Ijumaa, 18 Aprili

Hilal kapiga simu kutoka Maskati, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Uwanja wa ndege wamemfungulia mzigo. Askari anauliza, "Majani gani haya?" Hilal anasema ya mkeka. "Mkeka wa nani?" Wa bibi harusi. Askari akaita mwenzake, mwenzake akamwita mwanamke mmoja wa makamo, yule mwanamke akaushika ukindu, akasema kwao ndani ndani huko bibi yake alikuwa akisuka vilevile. Wamemfungia mzigo wenyewe vizuri kuliko nilivyoufunga mimi.

Na usiku wa jana umeanza kusuka! Saa ngapi unalala wewe mwanamke?

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Chura kaingia kwenye ndoo.

Jumanne, 22 Aprili

Umeniambia kwa simu ya Hilal, kwa kuwa hukuweza kusubiri Ijumaa. Ruhusa umenyimwa. Bosi anajifungua mwezi wa tano, hakuachii uje hata kwa siku tatu.

Nililia, Safina. Nilikuwa nimeshakuona akilini unashuka pale stendi Kibiti na masanduku, na mimi natangulia na vigelegele. Nilikuwa nimeshajua hata nitavaa nini.

Nikaenda kumwambia Amal mwenyewe, nisimwachie Bi Tabu. Nimemkuta anapeta mchele. Nilipomaliza kusema, kaendelea kupeta. Kasema, "Nilijua." Nikamwambia lakini mkeka unakuja, mkono wa mama yako unakuja. Ndipo akaniangalia. "Mamdogo, nilikuwa na miaka kumi alipoondoka. Mikono yake siikumbuki ikoje. Mnaniambia mkono wa mama, mkono wa mama. Mimi ninaoujua ni wa bibi."

Nimerudi nyumbani nikalifungua daftari hili. Yale niliyoandika tarehe 13 nilitaka kuuchana ukurasa. Nimeuacha, ujue nilivyokuwa mjinga.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Ukili wa kumi na mbili umekwisha. Barabara ya kwenda Kibiti bodaboda zinabebwa na wenye bodaboda.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Kanga zangu hazijakauka tangu Jumatano. Hata chumvi imekuwa maji.

Ijumaa, 2 Mei

UMEFIKA! Umefika, umefika, umefika!

Hilal kauleta mwenyewe, tope mpaka kiunoni, ukili umo kifuani ndani ya mifuko mitatu ya nailoni. Nimeukunjua kitandani, nikakaa mbele yake kama mtu anayetazama sinema. Weee! Vijicho vyekundu vimekaa ndani ya zambarau, kimoja kimoja, hakuna kilichopotea njia. Na ule mkono wako wa kubana! Nimepitisha kidole nyuma nikakuona wewe mzima, ulimi umeutoa pembeni ya mdomo, umekunja uso. Mimi mkono wangu mlegevu, wako mkali, ndivyo tulivyo tangu Mwenyezi Mungu alipotuumba.

Umeniambia kwenye simu, "Usikodolee macho kiganja cha mwisho cha ukili. Nilikisuka siku niliyonyimwa ruhusa, nilikuwa sioni vizuri." Nimekiona. Vijicho vitatu vimelala upande. Havina neno.

Nimeupima na zangu. Sawasawa! Ncha kwa ncha, hata unene wa kucha haukuzidi. Nimeruka ruka chumbani peke yangu. Kesho nashika shazia, nishone.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeanza kushona. Sadala kasimama mlangoni, kauliza, "Hizo kili zako zimekauka lakini?" Nimemjibu yeye ashughulikie mpunga wake. Mume mzuri, lakini akianza kunifundisha kusuka nitamfundisha kulima.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Kili tisa zimeshikana. Naimba mpaka sauti imekauka.

Jumamosi, 10 Mei

Umekwisha! Nimetia na pindo. Bi Tabu kaja kuuona, kavaa miwani, kavua miwani. Kaushika ukili wako wa katikati, kasema, "Huyu amekonda." Nikamuuliza, "Nani?" Kasema, "Mwanangu. Mtu akisuka kwa kubana hivi hali vizuri." Tumecheka wote, kisha akaipangusa miwani yake.

Jumanne, 13 Mei

Leo sina raha hata kidogo, na nitakuambia kila kitu, usinionee huruma.

Jua limetoka. Tangu jana asubuhi, jua kali, watu wote wameanika magodoro. Nami nikautoa mkeka, nikautandika uani juu ya turubai, nikaenda zangu sokoni kichwa juu. Niliporudi saa nane nimeukuta umeinuka katikati. Mgongo, Safina. Mgongo mrefu kutoka ncha mpaka ncha, kama mtu kalaza mwiko chini yake. Nikaubonyeza huku, ukainuka kule. Nikaukalia. Nilipoondoka ukainuka tena.

Nilijua kabla sijaugusa. Kili zangu zimelala masika, zilikuwa zimenywa unyevu zimevimba. Wako umesukwa kwenye nyumba yenye kiyoyozi, mkavu, umebanwa. Siku ile zilikuwa sawa ncha kwa ncha kwa sababu zangu zilikuwa zimelewa maji! Jua limezikausha, zimejivuta zikawa fupi, wako umebaki vilevile, haukupata pa kwenda ila juu.

Mimi Mwantumu, niliyewafundisha kusuka wasichana wangapi hapa Ruaruke, na wa kwanza kuwapigia kelele: masika hushoni mpaka kili zilale darini juu ya jiko siku saba! Siku saba. Mimi sikuzilaza hata moja. Nilikuwa na furaha, sikutaka kungoja. Na Sadala aliniuliza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba aliniuliza.

Nimekaa uani mpaka jua likanichoma utosi. Siku kumi na mbili kufika harusi.

Jumatano, 14 Mei

Bi Tabu kauzunguka mkeka mara mbili. Tulikuwa chumbani kwangu, pazia limeshushwa.

Kasema, "Ukate. Kiganja kimoja tu, zitalingana."

Nikamwambia, "Mama, mwanzo wa ukili hauguswi, ukiukata mwanzo unafumuka wote. Wa kukatwa ni mwisho. Na mwisho ndipo alipokuwa analia."

Kaupapasa ule ukili. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Basi utoe. Usuke mwingine wewe, rangi hizohizo. Mkono wake unaujua, ubane kama yeye. Nani atajua? Nisichotaka ni mjukuu wangu kutandikiwa mkeka wenye mgongo mbele ya wanawake wa Nyamisati, wakacheke njia nzima."

Na mimi, Safina, nilifikiri. Usinichukie. Siku nne ningeusuka. Hata wewe usingejua.

Mara nikasikia sauti nje ya pazia. "Mamdogo?" Ni Amal. Bi Tabu akaruka kuuficha mkeka kwa kanga.

"Usiingie, mwali!"

"Siingii. Nauliza tu. Ule wa mama ulifika kweli?"

"Ulifika."

"Au umemsukia wewe?"

Nimetazamana na Bi Tabu. Nikamjibu, "Kasuka mwenyewe."

Amal hakuondoka. Nilikiona kivuli chake kwenye pazia, anakwaruza ukuta kwa kidole. "Maana nyie wawili ni wema," akasema. "Mnaweza kuniongopea ili nifurahi. Zawadi za sikukuu zile, kuna mwaka bibi alizinunua Kibiti akasema zimetoka Maskati. Nilijua. Na hili nitajua."

"Utajuaje?"

"Nitajua tu."

Akaenda zake. Bi Tabu kakaa kitandani, kajifunika uso kwa mtandio. Nami nimechukua wembe nikaanza kuufumua mkeka mzima, uzi mmoja mmoja.

Ijumaa, 16 Mei

Jua, alhamdulillahi. Kili zote kumi na tatu zimefumuliwa, ziko juani mchana, darini usiku. Nimekuambia leo kwenye simu, ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Mwantumu, kata. Mimi nakuruhusu." Umesema kwa kunionea huruma, naijua sauti yako. Sikati.

Jumapili, 18 Mei

Nimezipima zikiwa kavu kabisa, zikilia kama mkaa. Zangu kumi na mbili sawa kwa sawa. Wako umezidi kiganja kizima.

Basi nimeamua. Nitashona kwa urefu wa zangu, na kilichozidi kitokeze. Ndiyo. Kitokeze upande wa kichwani, kiganja kizima, nikizungushie pindo lake. Nimemwambia Sadala. Kafikiri sana, kasema, "Mkeka utakuwa umetoa ulimi." Kisha kaongeza, "Kama Safina anavyosuka." Sikujua kwamba mume wangu huwa anatazama vitu.

Alhamisi, 22 Mei

Nashona. Bi Tabu hajaja kuuona.

Jumamosi, 24 Mei

Umelala bapa kama maji ya kisima. Na ulimi wake umetokeza. Kesho.

Jumanne, 27 Mei

Safina, Safina, Safina. Nilikuwa nimechoka kuandika juzi, jana nilikuwa bado nacheka na kulia. Leo nakupa yote, kaa vizuri.

Jumapili, ndoa imefungwa msikitini saa nne. Wanawake tulijaa nyumbani kwa Bi Tabu hata pa kuweka mguu hapana. Wa Nyamisati walikuja na ngoma zao na midomo yao. Mwali katolewa ndani kafunikwa kanga, mikono ina piko mpaka kwenye viwiko. Nikaukunjua mkeka. Vigelegele vikapaa, wakasifu rangi, wakasifu vijicho. Halafu vikakatika. Mmoja wa Nyamisati, mama mnene, kanyoosha kidole. "Ebo! Na huo ulimi?"

Wakacheka. Siyo vibaya sana, lakini wakacheka. "Fundi kaishiwa!" "Fundi kasahau mkasi!" Bi Tabu alikuwa anaangalia chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Amal alikuwa bado amefunikwa. Kausikia ucheko, akajifunua mwenyewe kabla hajafunuliwa. Bi Tabu akashtuka, "Wewe mtoto!" Hakusikia. Kautazama mkeka, kautazama ule ulimi. Kauliza, "Mamdogo, nini hiki kilichotokeza?"

Nilikuwa nimetunga maneno mazuri siku nzima, yote yakapotea. Nikasema, "Ni mama yako. Hakuenea. Sikuweza kumkata."

Amal akapiga magoti na piko lake lote, akauweka mkono juu ya kile kiganja cha mwisho, akapitisha kidole kwenye vile vijicho vitatu vilivyolala upande. "Hapa alikosea," akasema.

"Hapa alikuwa analia. Siku aliyonyimwa ruhusa ya kuja."

Akabaki ameinama. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua. Halafu akainua uso, macho yamejaa, anacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka huu uanze nimemwona anacheka na meno yote. Kawageukia wale wanawake. Kasema, "Ni wake kweli. Ungekuwa wa Mamdogo, ungelingana."

Nakwambia nyumba ilipasuka! Yule mama mnene wa Nyamisati ndiye aliyeanza kigelegele, Bi Tabu akampokea, Bi Tabu ambaye hajapiga kigelegele tangu marehemu baba yako azikwe. Mimi nililia kama mtoto aliyeporwa andazi.

Bado. Akaja Nassibu kumwona mke wake. Kaingia na kanzu yake nyeupe, pengo lake, haya zake, akaambiwa akae kwenye mkeka karibu na mkewe. Akaenda kukaa palepale kichwani, kwenye ule ulimi. Amal akamzuia kwa mkono. "Kaa kule," akasema, mbele ya mashemeji wote. "Hapa kwa mama." Na Nassibu, Mungu ampe maisha marefu, akajifunika mdomo, akasogea.

Jumatano, 28 Mei

Hilal anaondoka kesho, daftari hili nalifunga sasa. Mvua imerudi kidogo, ya kuagana.

Ndani ya mfuko utakuta ukindu mwekundu. Aliyeuchana ni Amal, jana na leo asubuhi, kabla Nassibu hajamchukua kwenda Nyamisati. Umechanika hovyo, mnene huku, mwembamba kule, na mmoja una damu ya kidole chake. Usimcheke. Anasema usuke chochote, kirefu au kifupi, usipime.